Kompyuta Iliyovaa Sweta

Mashine ilipojizima, Prof hakulaani wala hakupiga meza. Alisema neno moja tu, "Voilà," yaani ndiyo hiyo, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akingoja mgeni na sasa mgeni amebisha hodi. Sisi tuliokaa naye kwenye parcelle moja pale Butembo, nyumba zikitazamana na bomba la maji katikati, tulilisikia neno hilo kupitia ukuta wa mbao, tukajua kwamba ukurasa mwingine umepotea. Aliyekuwa anaosha vyombo alitikisa kichwa akaendelea kuosha. Mimi nilisema "pole, Prof" bila kuinua sauti. Ukimpa mtu pole kila siku kwa jambo lilelile, mwishowe inageuka salamu.

Jina lake analo, lakini hakuna aliyelitumia. Serikali ilimleta kutoka Kasai kufundisha fizikia, kwanza Luofu, huko kusini kwenye mashamba, kisha Butembo, kwenye shule ambako mimi nilikuwa nafundisha Kifaransa. Pale shuleni maprof tulikuwa wengi, na kila mmoja aliitwa Prof pamoja na jina lake. Yeye peke yake aliitwa Prof bila kitu nyuma. Mkuu wa shule aliposema "nendeni mkamwite Prof," hakuna aliyeuliza yupi.

Nataka kueleza alivyokuwa kabla sijachoka tena. Maana nimechoka mara nyingi kwa ajili ya mtu huyu na mashine yake, na uchovu huo nao ni sehemu ya habari zake.

Alikuwa mrefu na mkavu, na alivaa shati la mikono mifupi hata asubuhi zile ambazo ukungu wa Butembo unaingia mpaka jikoni. Sisi wenyeji tunakwenda misa ya kwanza tumejifunika kama wagonjwa. Yeye alipita katikati yetu mikono wazi, na ukimwuliza kama hasikii baridi alikujibu kwa uvumilivu wa kuudhi: "Baridi haiko kitu, Madame. Iko tu joto yenye haiko." Halafu alikohoa. Alikohoa kila Julai, na kila Julai alisema ni vumbi.

Fizikia aliifundisha kwa vitu vya jikoni. Kule Luofu hakukuta maabara. Alikuta darasa la mabati, ubao uliopasuka na watoto waliotoka kulima. Basi aliwafundisha nguvu ya hewa kwa pampu ya baiskeli, mizani kwa mkungu wa ndizi na kipande cha mti, mawimbi kwa kamba ya kufungia mbuzi. Tabia hiyo akaja nayo mjini, ingawa Butembo tulikuwa na kabati la vyombo. Alisema vyombo vya kabatini vinamfanya mtoto adhani fizikia inakaa kabatini.

Kuhusu joto alikuwa na somo moja ambalo hata waliofeli wanalikumbuka. Alimvua mwanafunzi sweta, akalitandika juu ya meza, akawaita wote waje waguse meza waone kama imepata moto. Darasa lilicheka. Ndipo aliposema, polepole, kama anayesoma Injili: "Mupira haitoaka joto. Inalinda tu ile yenye inakuta." Kwetu sweta tunaliita mupira. Mimi fizikia nilishindwa tangu usichana wangu, lakini darasa langu lilipakana na lake na ukuta ulikuwa mwembamba, kwa hiyo somo hilo nilifundishwa kila mwaka bila kuomba.

Sasa kitabu. Katika kompyuta ile, kwenye meza karibu na dirisha, Prof alikuwa anaandika kitabu cha fizikia kwa Kiswahili: fizikia nzima ya sekondari, kwa pampu na ndizi na kamba ya mbuzi, kwa ajili ya shule kama ile ya Luofu, ambako mwalimu ana chaki na sauti yake basi. Watu walimcheka. Mtu wa Kasai, aliyekuja bila kujua hata kuomba chumvi kwa Kiswahili, awaandikie Wanande kitabu cha Kiswahili, wakati sisi wenyewe tunakichanganya na Kinande na Kifaransa mpaka hatujui kipi ni kipi. Walimu wenzetu walimchokoza kwenye baraza la shule. Yeye aliwajibu: "Mweye muko na luga. Mi niko na fizikia. Tutachanganya, kama vile tunafanyaka na bintu yote."

Kitabu hicho kilikuwa ndani ya mashine ile peke yake. Hapakuwa na kopi. Zamani ilikuwepo, kwenye clé, kale kachuma kadogo ka kuhifadhia kazi za kompyuta, akaipeleka siku moja kwenye cyber mjini, ikarudi na virusi vilivyokula sura zake za mwanzo. Tangu hapo clé kwake ikawa mkosi. Mwanamume aliyewaambia wanafunzi kwamba uchawi ni jina la jambo ambalo bado hujalipima, huyo huyo akiona clé mkononi mwa mtu alisogeza kiti nyuma. Kupiga chapa sura zilizokwisha pia alikataa. Alisema: "Kitabu nusu iko daraja nusu. Batu batapita juu yake, bataanguka mu mayi."

Kwa sababu hiyohiyo hakuhifadhi maandishi mpaka wazo limekamilika. Nilimwambia mara nyingi, "Prof, hifadhi kila mustari, kidole inaumia?" Akaniambia mstari si wazo. Basi mashine ikijizima katikati ya wazo, wazo lote lilikwenda. Na kila ikijizima, ilipowaka tena ilikuwa na mlio mpya, kikohozi fulani cha ndani, na sote tulielewa kwamba siku moja itazima na haitawaka, na kitabu kitazikwa humo. Yeye alielewa kuliko sote. Aliendelea kuandika.

Namna yake ya kutafuta ugonjwa wa kitu ilikuwa moja, na aliirudia mpaka majirani wakaitumia kwenye mapishi: "Unabadilisha kitu moja tu, kisha unangoja." Ukibadilisha viwili, alisema, hutajua ni kipi kilichoponya, na kesho utakuwa mjinga tena. Aliweza kweli kungoja. Wiki nzima aliketi mbele ya mashine ile kama mtu anayelinda mtama usiliwe na ndege.

Kwanza alishtaki courant, umeme wenyewe. Siku hizo tulikuwa tumetoka kwenye groupe, ile jenereta ya mtaa, tukahamia sahani za jua na betri, na kila nyumba ikawa na kashini kake kanakogeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani. Akaazima kashini ka jirani, akangoja. "Voilà." Halafu alimshtaki fundi wa kuchomelea milango aliyekuwa kwenye kona, kwamba cheche zake zinavuruga umeme wa mtaa mzima. Alichukua kiti akaenda kuketi mbele ya karakana yake, siku nzima, saa mkononi, akitazama moto wa kuchomelea kwa miwani ya jua ya kuazima. Fundi maskini alidhani ni mtu wa kodi, akafunga kazi mapema. Jumapili, fundi akiwa misani nasi na milango yake imelala kimya, tuliporudi tulisikia "Voilà" kabla hatujavua viatu.

Kisha ilikuwa zamu ya vipande vya kumbukumbu vya mashine, ambavyo alivisugua kwa gomme ya wanafunzi, ile ya kufutia kalamu, mpaka vikang'aa. Kisha dawa ya kupaka kati ya moyo wa mashine na feni yake. Dawa yenyewe haikupatikana mjini, na mtu alimwambia dawa ya meno inafaa. Kwa majuma mawili nyumba ya Prof ilinukia kama mdomo wa mtoto aliyetoka kupiga mswaki, kila mashine ilipopata moto. Ilipata moto sana. Ilizima kama kawaida.

Mara moja tu alikubali kumwita mtu mwingine. Fundi wa kompyuta alikuja kutoka katikati ya mji, kijana wa adabu, akaisogelea mashine, akaiona ilivyo, akacheka. Alifungua mdomo aseme jambo. Prof akamwambia chai iko tayari. Walikunywa chai, wakaongea habari za mpira wa miguu ambao Prof hakuujua hata kidogo, kisha Prof akamsindikiza hadi barabarani, akamshukuru kwa heshima zote, na fundi huyo hakuitwa tena.

Mganga hajigangi, ndivyo tulivyosema pale parcelle. Mtu aliyemfukuza mwanafunzi darasani kwa kujibu "labda" alikuwa nyumbani kwake na labda nne, na zote alizitunza.

Inabidi sasa nimlete Mama Prof, maana bila yeye hutamwelewa mumewe. Alikuwa mfupi, mcheshi, na Butembo aliichukia kwa sababu moja, baridi. Kwao Kasai, alisema, jua linakuamsha kwa kukugusa bega. Hapa alijifunga vitenge viwili na koti la mumewe, na bado meno yaligongana. Mimi ndiye niliyemfundisha kufuma. Nilimpa sindano mbili na uzi, tukaketi pale bombani alasiri nyingi, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu kabla mwezi haujaisha.

Kitu cha kwanza nilichomfundisha ni sweta la mtoto mchanga, lile linaloachwa wazi mgongoni na kufungwa kwa uzi. Na fundo lake nilimfundisha, fundo la mtoto: unavuta mkia mmoja na lote linafunguka, ili mama aliyebeba mtoto kwa mkono mmoja aweze kulifungua kwa mkono wa pili, alivue, alifue. Alilipenda fundo hilo. Alilifunga na kulifungua akicheka kama aliyepewa mchezo.

Watoto hawakujaliwa. Basi Mama Prof alivisha vitu. Thermos ilipata sweta, redio ilipata sweta, birika, hata dumu la maji ya kunywa lilipata sweta la kijani lenye kola. Tulimtania: "Mama Prof, wamebaki kuku." Akasema kuku wana ya kwao. Sote tulichekea mlangoni kwake, na sote tulikwenda nyumbani na kitu kilichofumwa. Mpaka leo redio yangu imevaa.

Alipoanza kuugua alikuwa anafuma kitu kikubwa cha bluu, rangi ya sare ya wasichana wa kwaya. Kilikuwa cha kompyuta. Kiliifunika juu na pande zote, uso tu ukabaki wazi. Ubavu mmoja alitia vifungo alivyovikata kwenye mashati ya mumewe yaliyochakaa, ili Prof aweze kupuliza vumbi la ndani. Nilikuwepo. Prof alimcheka, akamwambia sentensi yake ileile, kwamba mupira haitoaka joto. Mama Prof hakuinua macho kwenye sindano. "Bon," akasema, "basi ilinde ile yenye itakuta." Alikimaliza, akaivisha mashine yeye mwenyewe akijishikiza ukutani, akaisukuma mgongo uelekee ukuta. Juma lililofuata tulimpeleka hospitali, na hatukumrudisha akiwa hai.

Ugonjwa wa mashine ulianza katika mwezi ule wa maombolezo. Katika mwezi huohuo tulihama kutoka kwenye groupe kwenda kwenye umeme wa jua. Vitu viwili vilibadilika pamoja, na Prof, mwenye sheria ya kitu kimoja, alikishika kimoja, na kingine hakukigusa miaka yote.

Umeshaelewa, msomaji. Nasi tulielewa. Usituone wajinga. Parcelle nzima ilijua, mpaka yule aliyekuwa anatuletea makaa alijua, maana alituuliza kwa nini sanduku lile halivuliwi. Lakini kwetu kitu cha marehemu hakiguswi na jirani. Wanaokuja kukigusa ni ndugu zake, siku ya kumaliza matanga: wao ndio wanaofungua sanduku, wanaogawa nguo, wanaosema hiki kinabaki na hiki kinakwenda. Ndugu za Mama Prof walikuwa Kasai. Kutoka huko hadi kwetu ni nchi nzima, na katikati kuna vita na mito na ndege ambazo si za watu kama sisi. Walituma salamu. Walituma salamu tena. Matanga hayakumalizwa, kandambili zake zilibaki mlangoni, sweta likabaki mgongoni mwa mashine. Nani angemwambia mjane avue kitu ambacho wenyewe hawajakivua? Nilinyamaza kwa adabu, na nakuambia, adabu inachosha kuliko kulima.

Kisha serikali ikamhamishia Beni. Mashine aliipakata garini kama mtoto, haikuchomolewa kitu, sweta mwilini na nyaya zikining'inia nyuma kama mikia. Mabegi yake aliyaacha juu ya gari, yakanyeshewa.

Beni iko chini na ina joto. Alinipigia simu baada ya muda akaniambia, kwa sauti ya mtu anayetoa ripoti, "Huku inazima mbio zaidi, Madame. Nazani ni courant ya huku." Nikamwambia pengine. Nilikuwa nimekaa kitandani na viatu bado mguuni, nilikosa nguvu ya kumwambia kitu kingine. Tuliongea habari za barabara, nani amepita salama, nani amerudi. Watu wa Beni na Butembo tunaongea hivyo, kwanza barabara, halafu yaliyobaki kama salio linaruhusu.

Nilimwona tena nilipokwenda Beni kwenye harusi ya binti wa dada yangu, kule Beu. Kesho yake mchana, mwili ukiwa bado mzito kwa kucheza na kuhudumia wageni, nilichukua moto, ile pikipiki ya abiria, hadi Mulekera, mtaa aliokuwa akiishi Prof. Nilimwambia dereva aningoje. Nyumba ya Prof ilikuwa ndogo, mihogo michache ubavuni, mlango wazi. Alikuwa ameketi mezani. Shati la mikono mifupi, ambalo kwa mara ya kwanza lililingana na hali ya hewa. Alikuwa amekonda, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola, na miwani imefungwa kwa uzi.

"Madame," alisema. "Umefika mpaka huku."

"Nimefika, Prof. Barabara ilikuwa muzuri."

"Kaa ku kiti. Mi nitakaa ku kitanda."

Nilimwona na mashine kwa pamoja. Bluu ya sweta ilikuwa imekwisha, imekuwa rangi ya barabara. Alinimiminia chai kutoka kwenye thermos, nayo bado imevaa la kwake. Nikamwuliza kitabu kiko wapi.

"Yote imeisha. Yenye ilibakia ni joto tu."

"Joto? Ile njo unafundishaka kwanza, kisha courant. Juu ya nini uliiruka?"

Alizungusha kikombe. "Kila wakati nikianza joto, mashini inazima."

"Mashini ao weye?"

Aligeukia kioo, akaanza kuandika ili nione kwamba anaweza. Aliandika kwa vidole viwili kama zamani. Chai yangu haijapoa, kioo kikawa cheusi. "Voilà," akasema, na safari hii sauti haikuwa ya mtu anayengoja mgeni. Ilikuwa ya mtu ambaye wageni wamemmalizia chakula chote.

Niliinuka nikaweka kiganja juu ya mashine. Sweta lilikuwa na moto kama paji la mtoto mwenye malaria. Na hapo nikachoka kabisa, uchovu wa miaka yote ukaja kwa mara moja, wa kusema pole kupitia ukuta, wa kunyamaza, wa kuona mtu mwenye akili akiangamiza kitabu chake taratibu mbele ya macho yetu.

"Prof," nikasema, "mupira haitoaka joto. Inalinda tu ile yenye inakuta. Ni weye ulitufundisha."

Alivua miwani akaifuta kwa shati. Alichelewa kuirudisha.

"Nilijua," akasema. "Tangu mwezi ya kwanza. Mi niko mwalimu ya fizikia, Madame."

"Sasa kale kashini ka courant? Na gomme? Na dawa ya meno?"

"Nilitaka ikuwe kitu ingine."

Nje dereva wangu alikuwa anaongea na mtu. Nikanywa chai. Prof alifungua droo ya meza akatoa wembe, bado ndani ya karatasi yake, karatasi imelainika kwa kushikwashikwa.

"Alishona kwa nyuma," akasema. "Alizungusha uzi ku zile nyaya. Ili itoke, ni lazima kukata. Na bandugu yake habakukuya. Mara mingi nilishika hii wembe, mukono inakataa. Weye njo ulimufundisha kufuma. Kata weye."

Nilipokea wembe ule kwa sababu ya jinsi alivyonyoosha mkono. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe sikujua ni ya nani. Tuliivuta mashine kutoka ukutani, wawili, kwa polepole ili nyaya zisitoke, tukaigeuza mgongo utazame mwanga. Nadhani tangu mkewe aisukume ukutani mgongo huo haujatazamwa vizuri na mtu. Prof alikuwa anaigusa kwa ubavu wa vifungo tu, na alipohamia Beni aliirudisha mgongo ukutani vilevile. Vumbi lilikuwa limekuwa gome. Nililipangusa kwa kidole gumba, nikaona uzi unavyokwenda, nikatafuta mwisho wake. Nikaupata. Nikaweka wembe mezani.

"Prof, haiko ya kukata."

"Haiko?"

"Hakushona. Kuya uone. Aliacha wazi, akafunga. Hii ni fundo ya mutoto. Nilimufundisha mi mwenyewe, pale ku bomba. Unavuta mukia moja tu, yote inafunguka. Tunafungaka vile juu ya nguo yenye itatoka kila siku. Ya kufula."

Alikuja akapiga magoti kwenye sakafu, mtu mrefu vile, akasogeza miwani, akatazama. Alitazama kama alivyowafundisha watoto kutazama, bila kugusa kwanza.

"Donc, basi alijua itatoka," akasema.

"Alijua. Kila siku. Vuta weye."

Aliushika mkia wa uzi kwa vidole viwili vya kuandikia. Uliganda kidogo kwa sababu ya vumbi, kisha ukakubali, na sweta likafunguka kutoka juu hadi chini, nyaya zikatoka zenyewe. Ndani, upande uliokuwa umelala kwenye mashine, bado lilikuwa bluu ileile ya kwaya.

"Voilà," alisema kwa sauti ndogo.

Aliwasha mashine. Hakusema tungoje, lakini ndiyo sheria, tulikuwa tumebadilisha kitu kimoja. Alikaa kitini, mimi kitandani, sweta magotini mwake limekunjwa mara mbili. Chai ilipoa. Feni ilizunguka, nikasikia kwa mara ya kwanza kwamba ina sauti nzuri, ya kawaida, kama ya mashine ya mtu yeyote. Kioo hakikuzima. Baada ya kitambo alianza kuandika. Niliona kwa nyuma ya bega lake: aliandika habari za mwanafunzi anayevuliwa sweta, na sweta kutandikwa mezani, na darasa linalocheka, kisha ile sentensi. Alipoimaliza aliacha. Wazo lilikuwa bado. Aliihifadhi.

"Uko na clé?" aliniuliza bila kugeuka.

Nilikuwa nayo mkobani, yenye mitihani ya darasa langu. Aliitazama kama unavyotazama mbwa wa mtu usiyemjua, akaichukua, akaichomeka, akanakili kitabu chote.

"Hata nusu?" nikamwuliza.

"Hata nusu. Batapita polepole."

Kurasa hizo ndizo zinazosomwa Luofu leo. Zinaishia palepale, katikati ya joto, kwenye sentensi ya sweta, na walimu wa huko wamemalizia yaliyobaki wenyewe. Kama aliandika kilichobaki, hakijanifikia. Namba yake haipiti tena, na aliyenipa habari alisema kwamba mwishowe alikwenda kwao Kasai kuwaona ndugu za mkewe, amebeba kitu cha bluu. Sijui kama ni kweli. Nimeamua kwamba ni kweli.

Lakini siku ile bado tulikuwa Mulekera. Dereva wa moto alipiga honi. Jua lilikuwa linashuka na kule haifai kuchelewa. Nikatia clé mkobani, nikasimama, nikajifunga kitenge vizuri. Prof hakunitazama. Alikuwa ameweka kiganja juu ya mashine tupu, pale ambapo sweta lilikuwa, na kioo mbele yake kilikuwa kinawaka tu, kinawaka.

"Madame," akasema, "tungoje tena kidogo. Pengine itazima."

Nikaketi. Tulingoja. Haikuzima.